Jumapili Gari Haliuzwi

"Jeupe," Joyce Nyhuis alisema. "Neno moja tu, Delbert. Nilikuambia chukua jeupe kama watu wote wa mji huu, ukanijibu eti mimi sijui kitu kizuri."

"Na kweli hujui," mumewe akasema. "Unataka tulijadili hilo mbele ya polisi?"

"Kwani polisi wamefuata nini hapa? Wamefuata huo uzuri wako."

Mpelelezi Marlys Hoekstra alikuwa amesimama katikati yao, mbele ya gereji. Nyuma yake dereva wa bredauni, lori la kukokota magari, alikuwa ameshafunga mnyororo chini ya gari na alikuwa akijifanya hasikii. Ng'ambo ya barabara majirani wawili walimwagilia maji nyasi ambazo tayari zilikuwa zimelowa. Marlys aliwaacha wanandoa wagombane. Kwa miaka kumi na mitano kwenye ofisi ya sherifu alikuwa amejifunza kwamba mume na mke wakigombana husema mambo ambayo hawakuulizwa.

Gari lenyewe lilikuwa zuri, hata yeye alikiri. Kijani cha chupa, kikali, na viti vya ngozi ya kahawia. Delbert alikuwa na miaka hamsini na minane, aliendesha basi la shule, na hilo lilikuwa gari lake la kwanza jipya maishani. Alikuwa amelitafuta tangu majira ya baridi. Yadi zote za kuuza magari za kaskazini magharibi ya Iowa huagiza jeupe, jeusi na la kijivu, kwa sababu ndiyo yanayotoka. Mwishowe alilipata Wichita, Kansas, akapanda basi la abiria usiku kucha kulifuata, akarudi nalo akiendesha mwenyewe, na kibali cha muda kimebandikwa kwenye kioo cha nyuma. Mbele hakukuwa na kibao cha namba. Kansas hawaweki, na vibao vya Iowa vilikuwa bado havijatoka.

Hilo ndilo lililomponza. Jumapili jioni, kwenye barabara ya changarawe magharibi ya mji, gari la kijani lisilo na kibao mbele lilimgonga Kendra Plaisier, muuguzi, akiwa juu ya baiskeli yake nyekundu. Alikuwa bado hajazinduka. Rangi iliyobaki kwenye baiskeli ilikuwa ya kiwanda kilekile na toleo lilelile la gari la Delbert. Na Delbert, alipoulizwa Jumapili jioni alikuwa wapi, alisema alikuwa akizunguka peke yake barabarani, bila safari yoyote, akilifurahia gari.

"Na huo mkwaruzo kwenye bampa?" Marlys aliuliza.

Delbert alimtazama mkewe. Joyce alitazama nyasi.

"Ni mimi," Joyce alisema. "Nilifungua mlango wa friza la gereji ukagonga. Nilikuwa natafuta mahali pa kumwambia."

"Wiki nzima unanitazama nikiupaka nta, mama?"

"Ulikuwa unaimba. Sikutaka kukukatiza."

Marlys aliinama akapima kwa mkono. Mkwaruzo ulikuwa kwenye usawa wa ncha ya mlango wa friza, na ulikuwa na rangi nyeupe ya friza ndani yake. Akaupiga picha, akapiga picha na mlango wa friza. Jambo moja limekwisha.

"Angechukua la Terry Ruisch tusingefika hapa," Joyce aliendelea, sasa akimwambia Marlys. "Terry alimletea la kijani mpaka mlangoni. Kijani kilekile. Akalikataa kwa sababu ya viti."

"Viti vya krimu," Delbert alisema kwa uchungu. "Mimi natoka kwenye basi na vumbi na mafuta, nikalie krimu?"

Marlys alisimama wima. Jana alimwuliza Terry Ruisch, mwenye yadi pekee ya magari mjini, kama ameuza gari la kijani. Terry alijibu kwamba hajauza hata moja. Jibu lilikuwa la kweli, na swali lilikuwa bovu. Aliyepaswa kujilaumu ni aliyeuliza.

"Alikuonyesha lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Alibadilishana na yadi nyingine ili anipate mimi. Nikamwambia asante, nakwenda Kansas."

Simu ya Marlys ikalia. Alikuwa Bryce Kolander, mwendesha mashtaka wa kaunti, kijana mwenye haraka na suti nzuri. Alitaka kujua kama gari limeshafungwa kwenye bredauni. Alisema saa tisa alasiri atawasilisha shtaka mahakamani. Marlys alimkumbusha kuhusu Ilene Roorda, mama wa shambani aliyekuwa kibarazani kwake jua likizama. Ilene aliona gari likisimama, mlango ukafunguka, taa ya ndani ikawaka, mguu mmoja ukashuka, kisha mlango ukafungwa na gari likaondoka. Mara mbili alisema kwamba ndani kulikuwa kweupe kama maziwa.

"Ilene ana miaka themanini na moja," Kolander alisema. "Na taa ikiwaka kila kitu ni cheupe."

Marlys alimwambia kwamba jana jioni, wakati uleule wa kuzama jua, alipeleka gari la Delbert mpaka kwenye uwanja wa Ilene na kufungua mlango. Ilene alitazama akasema hilo ni la kahawia, silo.

"Mtu mmoja, gari moja, rangi moja. Unataka nini zaidi, Marlys?"

"Nataka viti," alisema, akakata simu.

Delbert alikuwa amesikia. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ni saa tisa ya leo. Ofisi ya mabasi ya shule ilikuwa imemwambia waziwazi: leo mchana asishike usukani mpaka wamsikie polisi, na akishtakiwa tu, hata kama baadaye ataachiwa, leseni yake ya kubeba watoto imekwisha. Hakuwa na kazi nyingine na hakuwa na umri wa kuitafuta. Marlys hakumwahidi kitu. Alimwambia akae nyumbani, awe karibu na simu, na asiguse friza.

*

Yadi ya Ruisch ilikuwa ukingoni mwa mji, kwenye barabara kuu. Mbele yake, karibu na barabara, kulikuwa na kilima kidogo cha mawe ambapo gari moja huegeshwa pua juu ili wapita njia walione. Leo juu ya kilima kulikuwa na pikapu jeupe.

Marlys aliegesha, akalipita lile pikapu polepole, akapitisha kidole kwenye boneti. Vumbi la changarawe, nene. Akapita mstari mzima wa magari. Yote yalikuwa na vumbi. Akakipangusa kidole kwenye suruali na kuingia ndani.

Terry Ruisch alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mkubwa, mwekundu wa uso, mzee wa kanisa na mdhamini wa timu ya mpira ya shule. Alimwita dada Marlys, akamwekea kahawa, akamsogezea bakuli la bisi kutoka kwenye mashine iliyokuwa ikipasua mahindi pembeni ya ukumbi.

"Uliniambia hujauza gari la kijani," Marlys alisema. "Hukuniambia ulikuwa nalo."

"Hukuniuliza."

"Sasa nakuuliza."

Terry hakutingishika. Alieleza kwa utulivu kwamba yadi hubadilishana magari kila siku. Mteja akitaka rangi isiyopo, unatafuta mwenzako mwenye nayo, unampa la kwako unachukua la kwake, na mstaafu fulani analiendesha kulileta. Hilo la kijani alilileta kwa ajili ya Delbert. Delbert akaleta maringo ya viti. Nani mwingine hapa angenunua kijani? Kwa hiyo Jumamosi mchana, baada ya wauzaji wake wawili kwenda nyumbani, alimpa dereva alipeleke mnadani Omaha.

"Dereva gani?"

"Wa mnada. Wanatuma wa kwao."

"Jina?"

"Dada Marlys, wanakuja kumi kwa wiki. Mimi natazama kofia tu."

Marlys alipiga simu mnadani palepale, mbele yake. Msichana wa mapokezi alisema magari mia kadhaa yameingia tangu Ijumaa, mengi bado hayajaandikishwa, na hawezi kumpa jibu kabla ya kesho asubuhi. Terry alikula bisi moja baada ya nyingine akisikiliza. Marlys alijua kwamba Terry alijua jibu hilo kabla hajapiga.

"Na Jumapili?" aliuliza.

"Jumapili gari haliuzwi Iowa, hilo unalijua tangu utoto wako. Ni sheria. Geti halina mtu, funguo zipo kwenye sefu, mimi nipo kanisani. Hakuna gari langu lililogusa barabara."

"Kanisani asubuhi na jioni?"

"Tangu nizaliwe," Terry alisema.

Marlys alimshukuru kwa kahawa. Mlangoni aligeuka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza kwa nini magari ni machafu hivyo. Terry alicheka akasema chumba cha kuoshea kimefungwa tangu Jumatatu, pampu imekufa, fundi anakuja wiki ijayo. Alikionyesha kwa kidole bila kutazama. Kilikuwa nyuma ya karakana, mlango wake wa kukunja umeshushwa mpaka chini na kufuli jipya linang'aa.

Nje, Marlys alikaa garini akatazama kilima cha mawe. Hakuna mwenye yadi anayepandisha pikapu jeupe hapo. Mahali hapo ni pa gari linalomfanya mtu apunguze mwendo. Kitu kingine kilikuwa hapo, na kilipoondoka Terry akaziba pengo kwa chochote kilichokuwa karibu.

Lakini hakuweza kumpelekea Kolander dhana tupu. Alihitaji mtu aliyekiona kilima hicho Jumapili, siku ambayo yadi haina muuzaji.

Hapo akacheka peke yake, kwa sababu siku ambayo yadi haina muuzaji ndiyo siku ambayo mji mzima huenda pale. Wazazi wake mwenyewe walifanya hivyo. Ibada ikiisha, watu huzunguka na gari polepole, wanaegesha, wanatembea katikati ya mistari wakiwa na nguo za kanisani, wanachungulia vioo, bila mtu kuwafuata na kuwauliza watoke na lipi. Hawafungui pochi, hawagusi kitasa. Kutazama si kununua. Lakini mbele ya mzee wa kanisa hakuna anayekiri, maana siku ya Bwana ni siku ya Bwana. Mtu mmoja tu mjini ndiye asiyejua desturi hiyo vizuri, naye ni mwenye yadi, kwa sababu watu huenda wakishahakikisha yeye hayupo.

*

Kwenye duka la mikate wastaafu walikuwa kwenye meza yao ndefu, kahawa na mikate ya lozi mbele yao. Marlys hakuketi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida nani alipita kwa Ruisch Jumapili baada ya kanisa.

Mtu mmoja akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Simwambii mchungaji," Marlys alisema. "Wala Terry. Nani alipita?"

Gert Wassenaar, mkulima aliyestaafu, aliinua mkono nusu. Mkewe Wilma aliuinua mzima. Kisha mikono mingine sita.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuwazuia wasiseme wote pamoja. Aliwauliza mmoja mmoja, pembeni, kwenye meza ya dirishani, na kila mmoja akamwambia jambo lilelile kwa ugomvi wake mwenyewe. Baada ya ibada ya asubuhi, juu ya kilima cha mawe, palikuwa na gari la kijani. Hakuna aliyekuwa na shaka, kwa sababu hakuna aliyekosa maoni. Mmoja alisema rangi hiyo ni ya chupa ya dawa. Mwingine alisema angekuwa na umri mdogo angelichukua. Wilma alibandika pua kwenye kioo mpaka mumewe akamwonea aibu.

"Viti vya krimu, mwanangu," Wilma alimwambia Marlys. "Nilimwambia Gert, hapo ukikaa na suruali yako ya kazini dakika tano, tunakula mkate mkavu mwaka mzima kulipia kusafisha."

"Kwa nini hamkusema? Mlisikia tunatafuta gari la kijani."

"Tulisikia mmeshalipata. La Delbert." Wilma alionekana kushangazwa na swali. "Na nikuambie nini, kwamba nilikuwa yadini siku ya Bwana?"

Watatu kati yao walipita tena baada ya ibada ya jioni, kulionyesha kwa wageni. Kilima kilikuwa kitupu. Mmoja alidhani limeibwa, kisha akaona si neno lake kuuliza.

"Terry alikuwepo kwenye ibada ya jioni?" Marlys aliuliza.

Gert alitikisa kichwa. Mke wa Terry alisema tumbo limemkamata. Walimwombea kwa jina.

Marlys aliandika, akawasomea walichosema, wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine, Wilma akisahihisha nukta. Kisha akatoka nje na kumpigia Kolander. Alimpa yote kwa mpangilio: gari la pili, lisilo na vibao kwa kuwa halijauzwa, toleo lilelile, kijani kilekile, viti vya krimu kama alivyosema Ilene, lilikuwepo Jumapili mchana na halikuwepo jioni, mwenye funguo ni mtu mmoja, na mtu huyo amesema liliondoka Jumamosi. Na chumba cha kuoshea kimefungwa kwa kufuli jipya tangu Jumatatu.

Kolander alisema ni hoja nzuri, ataifuatilia kesho mnada ukifungua, lakini shtaka la Delbert limeshachapwa na litaingia kama lilivyopangwa. Likionekana si yeye, litafutwa.

"Leseni yake ya basi ikifutwa hairudi," Marlys alisema.

"Hilo si la ofisi yangu."

"Basi na hili si la ofisi yako," Marlys alisema. Mpelelezi anaweza kuomba kibali cha upekuzi kwa hakimu bila kupitia kwa mtu yeyote, na alikuwa amekwisha kuandika ombi nusu. Alilimalizia garini, akalituma, akampigia hakimu. Hakimu alimwuliza maswali matatu, la mwisho likiwa kama ni kweli Wilma Wassenaar alibandika pua kwenye kioo. Aliposikia ni kweli, akatia sahihi.

*

Naibu sherifu Renae Bol alikuwa tayari nyuma ya karakana, kama alivyoagizwa, ili mtu yeyote asitoke na kitu. Marlys alimpa Terry karatasi ya kibali. Terry aliisoma taratibu, akavaa miwani, akaisoma tena.

"Ufunguo wa kufuli," Marlys alisema.

"Fundi anao."

Renae alikata kufuli kwa mkasi wa chuma. Mlango ulipanda kwa kelele. Ndani palikuwa na turubai, na chini ya turubai palikuwa na gari. Marlys aliinua ncha ya mbele. Taa ya kulia imevunjika, bampa limebonyea, na kwenye ukingo wa boneti mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya baiskeli. Akafungua mlango wa dereva. Taa ya ndani ikawaka, na viti vikawa vyeupe kama maziwa.

Terry alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Marlys alimsomea haki zake, akamwuliza kama anataka wakili. Alisema anataka kusema. Mteja alikuwa ng'ambo ya mto, South Dakota, anataka gari siku ileile la sivyo aende kwingine. Kumkabidhi Jumapili kungemgharimu leseni ya yadi kama angejulikana. Kwa hiyo alilichukua mwenyewe wakati wa ibada ya jioni, akakaa kwa huyo mtu mpaka jioni sana wakibishana, biashara ikavunjika, akarudi kwa njia za shamba ili asionekane.

"Ulishusha mguu mmoja," Marlys alisema.

"Nilimwona anasogeza mkono."

"Ukarudi ndani."

Terry aliitazama taa iliyovunjika. Baadaye alisema kwamba alidhani Delbert ataachiwa, hawatapata ushahidi wa kutosha, na jambo litakwisha lenyewe. Kisha akainua uso. Aliomba kitu kimoja tu. Mkewe Phyllis yuko nyumbani, hajui. Ampe saa moja aende kumwambia mwenyewe, atarudi kwa miguu yake, kila mtu anamjua. Au angalau watoke kwa mlango wa nyuma, maana ukumbini kuna wateja.

Renae alimtazama Marlys akingoja. Hata jezi ya timu ya mtoto wa Marlys alikuwa ameilipia Terry.

"Delbert tulimfuata mbele ya majirani zake," Marlys alisema. "Simama, Terry."

Akamfunga pingu mikono nyuma, akamwongoza kupitia karakana, kupitia ukumbini, mbele ya mashine ya bisi na wauzaji wawili waliosahau kufunga midomo. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Kolander. Kwa mkono mmoja akaipokea na kumwambia kwamba gari ameliona, baiskeli imeandika jina lake juu ya boneti, na kama ile karatasi ya Delbert imeshaingia mahakamani akaichukue kwa miguu. Kolander alikiri kwamba bado iko mezani kwake, kisha akaanza kusema kwamba taarifa rasmi ya kumsafisha mtu hutolewa na ofisi yake, kwa maandishi, na pengine ingekuwa Ijumaa.

Watoto wangetoka madarasani kabla ya nusu saa kwisha.

Marlys alikata simu. Akamwinamisha Terry kichwa asigonge ukingo, akamwingiza kiti cha nyuma, akafunga mlango, na akiwa bado ameegemea gari akapiga namba ya ofisi ya mabasi ya shule. Alitaja jina lake na cheo chake. Alisema Delbert Nyhuis hatafutwi na mtu, na yeye ndiye anayesema hivyo, waandike. Kisha akauliza ni nani aliyepangwa njia ya Delbert ya kaskazini mchana huo, na alipoambiwa bado wanahangaika kumpata mtu, akawaambia waache kuhangaika, wampigie mwenyewe sasa hivi, yuko nyumbani karibu na simu.